Mluzi wa Baba Mumbi

Mume wangu aliwahi kumkumbatia mama mkwe wake. Nikilisema hili mbele ya Wakikuyu wa hapa Kitengela, wananitazama wakingoja niendelee, maana hawajaona kosa liko wapi. Nikilisema mbele ya watu wetu wa Kimilili, wanashika mdomo.

Ilikuwa mwaka 2001, siku ya mahari. Joram Kahiga alikuwa amefunzwa na mama yake huko Murang'a kwamba mkwe mwenye adabu haogopi kusalimia watu. Basi alipozunguka nyuma ya nyumba yetu akitafuta choo, akakutana uso kwa uso na mama yangu, amebeba ungo wa njugu. Kwetu mama hasalimiani kwa mkono na mume wa binti yake. Wakikutana njiani, mmoja anapinda. Hawali wakitazamana, na mama halali chini ya paa la mkwe hata mvua ya mawe inyeshe. Si uadui. Ni heshima, na iko njia ya kuilegeza, wakati wake ukifika. Joram hakujua hayo, na mimi kwa wingi wa mambo ya siku ile nilisahau kumwambia. Alimwona mama wa mchumba wake, akafungua mikono, akamkumbatia pamoja na ungo. Mama aliziachia njugu zote, akakimbilia kwenye mahindi, na hakutoka huko mpaka gari la wageni lilipoondoka.

"Huyo mtu wako," aliniambia baadaye, majani ya mahindi yakiwa bado kwenye kitambaa chake cha kichwa, "amenishika kabla ya wakati. Na mimi sitakanyaga kwake kabla ya wakati."

Miaka minane hakukanyaga. Alitutumia kuku kwa basi, akatutumia simsim, binti yetu Mumbi alipozaliwa akatuma shuka la mtoto. Yeye mwenyewe hakuja.

Acha niwaeleze aliyemkimbiza ni mtu wa namna gani. Joram alizaliwa na pumu. Baba yake alikuwa muuza makaa na alitaka mwana wake airithi kazi, lakini mwana akiingia tu kwenye stoo ya makaa anatolewa amebebwa. Walimnywesha kila kitu: mafuta ya kondoo, majani ya mikaratusi yaliyochemshwa, maziwa ya punda. Mwaka 1996 daktari mmoja akamshauri aache baridi ya Murang'a, atafute nchi kavu. Akaja Kitengela. Daktari alisahau kumwambia kwamba nchi kavu ina vumbi. Hata hivyo Joram hakurudi. Alifungua kibanda cha kutengeneza saa kando ya barabara ya Namanga, akajifungia nyuma ya kioo, kwa sababu saa haipendi vumbi na yeye pia halipendi, kwa hiyo walielewana.

Mwaka 1997 mvua ya El Niño ilipokuja, Kitengela nzima ililia. Magari yalizama, viatu vilibaki njiani, watu walivuka barabara wakiwa wamebebwa mgongoni. Joram peke yake ndiye aliyetembea katikati ya matope yale akipiga mluzi. Hapakuwa na chembe ya vumbi, na anasema hajawahi kupumua vizuri vile tangu azaliwe. Mimi nilikuwa mwalimu mpya, viatu mkononi, hasira mpaka kooni, na kumwona mtu mwenye furaha wakati kama ule kulinifanya nimchukie papo hapo. Baada ya miezi michache niligundua kwamba sikumchukia hata kidogo.

Mluzi wenyewe ni wake, aliutunga akiwa mtoto, siku alizolazimishwa kukaa ndani wenzake wakicheza. Hauna maneno. Unaanza chini, unapanda mara tatu, unashuka, halafu mwishoni kuna sauti moja ndefu ambayo anaivuta mpaka mtu unajiuliza hewa anaitoa wapi. Siku nzuri anaivuta hivyo. Siku mbaya hafiki huko.

Mwaka 2009 mama aliharibika macho. Yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na hospitali ya macho upande wa Nairobi ilisema itapasua moja mwezi wa saba na la pili mwezi wa kumi. Katikati hapo asiende mbali. Kimilili ni mbali. Nilimpigia simu nikijua jibu, na jibu likawa lile lile: halali chini ya paa la mkwe.

Aliyetuokoa ni Naeku, mwenye ploti yetu. Naeku ni Mmaasai mjane, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto, na alikuwa na chumba kimoja kitupu upande wa pili wa ua, mkabala na nyumba tuliyopanga kwake. Akachukua simu yangu mkononi.

"Koko, sikia," akamwambia mama, kama Wamaasai wanavyoita bibi. "Hiyo chumba ni yangu. Mabati ni yangu, kitanda ni yangu. Utalala kwangu, si kwa mkwe. Huyo mkwe pia analala kwangu, ni vile tu analipa."

Mama akafikiria, akaona hoja ina miguu. Akaja.

Siku ya kwanza tu kutoka hospitalini, jicho moja likiwa na bandeji na lingine likiona ukungu, alikwenda kunawa kwenye tangi la maji na Joram naye akaja kuchota. Waligundua wamesimama hatua mbili. Mama akajitosa kwenye banda la kuku. Joram akatoka mbio getini na ndoo tupu, na hakusimama mpaka barabarani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini tatizo lilikuwa kweli: kupisha mkwe kunataka macho, na mama hakuwa nayo, maana hata lile lililopasuliwa lilikawia kupona, likakaa na bandeji wiki nyingi.

Jioni ile Joram akapata dawa. Akifika getini atapiga mluzi wake wote, kuanzia mwanzo mpaka ile sauti ndefu, huku akivuka ua. Mama akisikia, ageuke ukutani au aingie chumbani. Sauti ndefu ikiisha, ajue mlango umefungwa na yuko huru. Akitoka pia, vivyo hivyo. Nilimpelekea mama pendekezo hilo.

"Ana akili," mama akasema, kwa shida, kama mtu anayekiri kosa. Hilo lilikuwa neno zuri la kwanza kwa miaka minane, na Joram nilipomwambia alipiga mluzi hata akiwa bafuni.

Lakini alinipa sharti moja. "Mama Mumbi, usimwambie mama yako niko na pumu. Alishaniona sina adabu. Asinione tena sina mapafu."

Nilimwelewa. Alitaka sana siku moja ile heshima ilegezwe, aitwe, apewe mkono, awe mwana wa nyumba ile. Aliogopa kwamba mama akijua ana kifua kibovu atasema binti yake ameolewa na mtu wa kumwacha mjane, na siku hiyo haitakuja kamwe. Nikanyamaza. Dawa yake ya kuvuta, ile pampu ndogo ya buluu, aliihamisha kutoka mezani akaiweka kwenye rafu chini ya saa kubwa ya ukutani, mahali ambapo mama hangefika kwa sababu mama haingii nyumbani kwake.

Hapo ndipo homa ya nguruwe ilipotufikia. Redio ilikuwa ikiisema tangu mwezi wa sita, na kufikia mwezi wa nane kila mtu wa Kitengela alikuwa daktari. Naeku alisema yeye hajawahi kula nguruwe, itampata wapi. Wauza nyama ya nguruwe walikaa wakipunga nzi, na watu wakahamia kwa mbuzi, ambao ukame ulikuwa umewakausha tayari. Mwaka ule vumbi halikutua hata usiku. Ng'ombe wa Naeku walikuwa wamehamishwa kuelekea Namanga kutafuta majani, na kila wiki alipata habari za waliobaki njiani. Alicheka na sisi, lakini nilijua anavyohesabu.

Joram akikohoa kibandani, wateja walikimbia na kumwachia saa zao. Aliniambia ana saa kumi na moja za watu ambao hawataki tena kujua wakati. Tukaenda kliniki, na nesi mmoja aitwaye Kavutha akamkazia macho.

"Mtu wa pumu hii homa ikimshika inamkalia vibaya," akasema. "Sasa sikia. Hakuna kusalimia watu na mkono. Hakuna kukunywa na kikombe ya mtu. Usikae karibu na mtu, na mtu akikuja upande yako, wewe enda upande ingine."

Nikaangua kicheko pale pale. Nesi akadhani ninamdharau, ikabidi nimweleze kwamba hayo yote mume wangu anayafanya na mama yangu tangu mwezi wa saba, bila serikali kusema. Wiki hiyo nilitangaza mtaani kwamba mila zetu zilijua homa ya nguruwe kabla ya redio.

Hata karani wa sensa alitukuta katika hali hiyo. Alikuja na kitabu chake, akakaa uani, akauliza ni nani waliolala katika nyumba hii usiku wa kuhesabiwa. Nikataja mimi, Joram na Mumbi. Akaelekeza kalamu kwa mama, aliyekuwa amekaa kivulini mlangoni pake.

"Na huyu mama?"

"Mimi sikulala kwa mkwe!" mama akaruka. "Niandike Kimilili."

"Mama, serikali inataka mahali ulilala."

"Niandike kwa Naeku. Na uandike mabati ni ya nani."

Naeku naye akaja kuthibitisha mabati ni yake, na karani akapoteza asubuhi nzima kwetu.

Katika furaha hiyo yote, kulikuwa na jambo dogo lililoanza kunisumbua. Kila nikimpelekea mama chai jioni, alikuwa na taarifa.

"Leo mkwe hakumaliza."

"Hakumaliza nini, Mama?"

"Ile ndefu. Ameikata katikati."

Siku nyingine: "Leo amepumzika kabla ya kushuka. Jana hakupumzika." Siku nyingine: "Asubuhi alikuwa mzuri. Mmepika nini jana?" Na mimi, binti yake wa kumzaa, nilimtazama usoni nikasema ni vumbi. Kila mtu anakohoa, Mama, ni vumbi. Alinywa chai yake, hakubisha. Lakini niligundua kwamba akisema Joram hakumaliza, kesho yake Joram analala vibaya. Mtu ambaye hautazami uso wa mume wangu alikuwa akijua habari za kifua chake siku moja kabla yangu, na kabla ya mwenye kifua.

Shule zilifunguliwa mwezi wa tisa, nikarudi darasani. Wiki ya pili, siku ya Jumanne, Joram aliamka na koo la kukwaruza. Lilikuwa limemwanza Jumapili na hakuniambia. Wanaume ni hivyo: mafua kidogo wanataka kuandika wosia, wakiwa wagonjwa kweli wanasema wako sawa. Alikwenda kibandani, mwili ukawaka moto, saa nne akaamua kurudi nyumbani. Pampu nyingine aliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa imekwisha.

Yaliyofuata nimeyapata kwa mama na kwa Naeku, na kwa kuwa wote wawili wanayasimulia hadi leo, nayajua kama niliyekuwepo.

Mama alikuwa amekaa mlangoni pake. Akasikia geti, akasikia mluzi unaanza, akageukia ukuta kama kawaida. Mluzi ukapanda mara moja, ukakatika. Ukaanza tena kutoka chini, sauti tatu, ukakatika. Akangoja. Sauti ndefu haikuja, mlango haukufungwa. Alichosikia badala yake ni filimbi nyembamba, isiyo na wimbo, ikitoka kifuani mwa mtu karibu na tangi la maji.

Kwa mila, pale alipaswa kukaa akitazama ukuta mpaka mtu mwingine aje. Mama akachukua fimbo yake, akavuka ua.

Alimkuta Joram amechuchumaa, mikono magotini. Akapiga magoti nyuma yake, akamshika mabega, akamkalisha ameinamia mbele. Huku anamwita Naeku kwa sauti ambayo Naeku mwenyewe anasema ilimshinda yeye. Kisha akamwacha akaelekea kwenye nyumba yetu. Hakuwahi kuingia humo hata siku moja. Lakini wiki zote zile alikuwa amesikiliza, na alijua kwamba kila Joram asipomaliza mluzi, baada ya mlango kufungwa kunatoka mlio mdogo, fss, fss, na kila mara unatokea pale pale saa kubwa inapogonga. Basi akaingia sebuleni kwa mkwe wake akifuata mlio wa saa, akagonga meza, akagonga kiti, akapapasa ukutani chini ya saa, akaishika pampu.

Naeku alipofika, alikuta mama amemshika Joram mgongoni, pampu imeshatumika, na bado anaamuru. "Piga mluzi, mkwe! Piga!" Joram hakuwa na sauti, lakini alikunja midomo kama mpiga mluzi, hewa ikawa inatoka polepole. Mama akawa anamwimbia wimbo ule ule, kwa kuvuma, na kila akifika ile sauti ndefu anamvutia mpaka hewa iishe, halafu wanaanza upya. Naeku aliniapia kwamba mama hakukosea hata mahali pamoja. Alikuwa ameusikia mara nne kwa siku kwa karibu miezi miwili.

Ndugu yake Naeku alikuwa na pikapu ya mbuzi. Mbuzi wakashushwa, Joram akapakiwa, na mama akapanda nyuma bila kuulizwa. Kliniki ikampa dawa ya mvuke, Kavutha akasema apelekwe Kajiado mara moja, na kule hospitalini wakamlaza. Homa ilikuwa ni ile ile.

Niliposhuka Kajiado mchana ule nilimkuta mama kwenye benchi nje ya wodi. Bandeji imejaa vumbi, kiatu kimoja kimebaki Kitengela. Alizijua nyayo zangu.

"Nelima," akasema, "uliniambia ni vumbi."

Nililia mbele za watu, mtu mzima mimi, mwalimu. Nikamweleza kwamba Joram ndiye aliyeniomba nifiche, na kwa nini.

"Nilijua wiki ya kwanza," mama akasema. "Mtu anapiga mluzi na nusu ya kifua, mimi nisisikie? Macho ndiyo mabovu. Kaka yangu mdogo alikuwa na kifua kama hicho. Nilikuwa namsikiliza kila siku, ilikuwa ndiyo kazi yangu. Siku moja wakanituma sokoni. Nikarudi nikakuta wanalia. Leo hakuna mtu alikuwa amenituma sokoni."

"Na haukumchukia, Mama? Miaka minane yote?"

"Nichukie mtu juu ya kifua? Mimi nilichukia njugu zangu zimwagwe."

Sikujua kama nilie tena au nicheke, nikafanya yote mawili.

Joram alilazwa siku tano. Siku ya pili wakampunguzia oksijeni, na Kavutha, aliyekuja Kajiado kwa shughuli zake, akapita kumwona. Nilimweleza habari ya mluzi. Akasema hiyo ndiyo namna wanavyowafundisha wagonjwa, kutoa pumzi taratibu kwa midomo iliyokunjwa, na akataka kujua mama yangu alisomea wapi.

Joram aliporudi nyumbani, mama ndiye aliyesema tumalize jambo hili. Mwezi wa kumi akapasuliwa jicho la pili, na mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimeshafika na vumbi limelala, mjomba wangu akaja kutoka Kimilili kusimamia. Kesi ilimkunisha kichwa. Mkwe alimshika mama mwaka 2001 bila ruhusa. Mama amemshika mkwe mwaka 2009 bila ruhusa, na tena ameingia nyumbani mwake. Nani atozwe? Mjomba alikula ugali akiwaza, akanywa chai akiwaza, mwishowe akatangaza kwamba makosa yamekutana njiani yakapishana, kama inavyotakiwa.

Joram akatoa blanketi zito la kijani. Mama akapika kuku wa kwake, aliyesafiri kwa basi pamoja na mjomba, na Joram akala mapaja yote mawili mbele yake. Ikabaki kupeana mkono. Mama akasimama, Joram akasimama, na Kavutha, ambaye tulimwalika kwa shukrani, naye akasimama.

"Hapana," akasema. "Homa bado iko. Na huyu ni mtu ya pumu. Hakuna mkono."

Mjomba karibu aanguke. "Miaka nane tunangojea mkono! Leo imefika, serikali inakataza mkono?"

Ubishi ukawa mkubwa. Naeku akapendekeza Joram ainamishe kichwa aguswe utosini, kama watoto wa Kimaasai wanavyosalimia wakubwa, akasema hiyo haina homa. Mjomba akasema hakutoka Kimilili kuja kuona mkwe akiwa Mmaasai. Kavutha akakubali jambo moja: karai, maji na sabuni, wote wawili wanawe mikono, na wasinawe kwa haraka.

"Muda gani?" mama akauliza.

Joram akaelewa kabla yangu. Wakaingiza mikono kwenye karai moja, povu likapanda, na Joram akapiga mluzi. Akaanza chini, akapanda mara tatu, akashuka, na ile sauti ndefu akaivuta mpaka kuku wakanyamaza uani. Ilipoisha, Kavutha akasema inatosha. Mama akaushika mkono wa Joram, ukiwa na maji bado, akakataa kuuachia. Kwa macho yake mapya akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Khane, kumbe ni mdogo hivi!" akasema. "Na ule mluzi wote!"

Nilikuwa na furaha ambayo hata sasa nikiikumbuka inanipanda kifuani.

Kesho yake Joram alirudi kutoka kibandani, akafungua geti na kuvuka ua kimya kimya, kwa kuwa sasa hapakuwa na haja ya kuonya mtu. Alikuwa hajafika mlangoni mama akatoka mbio, blanketi limeanguka, mwiko mkononi.

"Kuna nini? Kifua? Mbona uko kimya?"

"Mama, niko sawa. Si tulishamaliza ile maneno?"

"Tulimaliza mambo ya mkono. Nani alikuambia tumemaliza mluzi? Rudi kwa geti."

Akarudi getini, mtu wa miaka thelathini na saba, fundi wa saa anayeheshimika barabara nzima ya Namanga, akaanza upya.

Mama amesharudi Kimilili, na anaona vizuri, hata mafundo ya nywele zangu anayakosoa. Kila Jumapili baada ya kanisa simu yetu inalia. Ninaipokea, mama ananisalimia, anaulizia Mumbi, halafu anasema, "Nipe huyo." Ninampa Joram simu. Hawaongei, sijawahi kuwasikia wakiongea. Joram anasimama katikati ya sebule, chini ya saa yake, anapiga mluzi kuanzia mwanzo. Mimi naacha sufuria, Mumbi anaacha kucheza, tunangoja ile ndefu. Ikiisha, nasikia sauti ya mama kwenye simu.

"Haya," anasema, na kukata.